Kalenda ya Moyo

Moyo wa mtu hupiga pigo lake la kwanza karibu siku ya 22 tangu mimba itungwe. Siku hiyo mama amechelewa kuona siku zake kwa wiki moja hivi. Pengine anadhani ni uchovu, pengine malaria inamnyemelea, pengine hajahesabu kabisa. Kiinitete chenyewe kina milimita chache tu, na kinachopiga ndani yake bado si moyo ule tuliouchora shuleni: ni mrija mmoja ulionyooka, hauna vyumba wala vali. Baada ya siku moja au mbili mrija unaanza kujipinda kuelekea kulia. Mwisho wa wiki ya nane kuta zimekwisha kugawa vyumba vinne, mshipa mmoja mnene uliokuwa ukitoka moyoni umegawanyika ukawa miwili, aorta na ule uendao mapafuni, na sehemu kubwa ya ujenzi imekwisha. Wanawake wengi wa kwetu wakati huo hawajakanyaga kliniki ya wajawazito. Wengi huanza mimba ikiwa na miezi minne na zaidi. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa, karibu mmoja huja na kitu ambacho hakikufungwa, hakikugawanyika au hakikugeuka kwa wakati wake.

Ndani ya wiki hizo ndimo ninamofanyia kazi. Mimi ni mwanabiolojia wa molekuli, mzaliwa wa Pangani, na sitibu mtu, ingawa kwetu kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari. Vitendea kazi vyangu ni mayai ya kuku, panya, na siku hizi kompyuta kuliko nipendavyo. Vijana wanaokuja maabara huamini kuwa elimu hii ilizaliwa siku jeni za kwanza za moyo zilipopatikana, katika miaka ya 1990, na kwamba yaliyotangulia ni kupapasa gizani. Mimi naona kinyume chake. Jeni zilikuta macho yamekwisha kufunguka, na zaidi ya mara moja zilikuja kuthibitisha jambo lililokwisha kusemwa na mtu mwenye mkasi na yai ambaye wengi hawakumsikiliza.

Tuanze basi na yai. Aristotle, karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kwamba ukifungua mayai ya kuku aliyeatamia, baada ya siku tatu mchana na usiku utaona dalili ya kwanza: kitone chekundu katikati ya ute, kinachorukaruka kama kina uhai wake. Hakuwa na hadubini wala hakuihitaji. Bibi yangu naye alikuwa akipima mayai usiku kwa koroboi, anayashika mbele ya mwanga, analitoa yai viza na kulirudisha lile lenye mishipa, na sidhani kama alijua kwamba kitone alichokitafuta kimewagombanisha wanafalsafa kwa miaka elfu mbili. Kwa Aristotle kitone kile kilithibitisha kuwa moyo ndio wa kwanza kuwepo na ndio makao ya uhai. William Harvey wa Uingereza, aliyeonyesha mwaka 1628 kwamba damu huzunguka, aliyafungua mayai siku baada ya siku, na kitabu chake juu ya uzazi wa viumbe kikatoka mwaka 1651. Muda si mrefu baadaye Marcello Malpighi wa Bologna aliweka kiinitete cha kuku chini ya hadubini, akachora mrija, akachora kupinda kwake, na mwaka 1672 akapeleka kazi yake London kwa Royal Society. Michoro yake ukiiweka leo kando ya picha zetu utamtambua kuku yule yule.

Kuku huatamia siku 21, kwa hiyo kalenda yake imebanwa. Yai likikaa kwenye joto la nyuzi 38 hivi, karibu saa ya 36 moyo unaanza kupiga, kwanza kwa kusitasita, upande mmoja tu wa mrija, halafu mapigo yanashikana. Sisi tunanyonya kwa sindano mililita mbili tatu za ute ili kiinitete kishuke kisiguse ganda, tunakata dirisha kwa mkasi mdogo, tunadunga wino mweusi chini yake. Bila wino huoni kitu: ni uwazi juu ya njano. Kazi ikiisha tunaziba dirisha kwa selotepu na kulirudisha yai kwenye kiangulio, nalo linaendelea na mambo yake. Hakuna mama mwingine anayekuruhusu kufanya hivyo, ndiyo maana kwa karne nyingi kuku ndiye aliyetufundisha habari za moyo wa mtu.

Tofauti na yai, mwili wa mtu ulisomwa kwenye vitabu zaidi kuliko kwenye mwili wenyewe. Galen, tabibu wa Roma katika karne ya 2, alifundisha kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu visivyoonekana katika ukuta wa katikati. Neno hilo lilishikwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Aliyelikanusha kwa maandishi ni Ibn al-Nafis, tabibu aliyesoma Damascus akafanya kazi Cairo, ambaye mwaka 1242, alipokuwa akifafanua anatomia iliyomo katika Kanuni, kitabu cha tiba cha Ibn Sina, aliandika wazi kwamba ukuta ule ni mnene na hauna tundu, na kwamba damu lazima izunguke kupitia mapafu. Kitabu kikasahaulika hadi mwaka 1924, daktari kijana wa Misri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoukuta mswada katika maktaba ya Berlin akauandikia tasnifu. Ibn al-Nafis alikuwa na haki. Lakini mimi humwonea Galen huruma kidogo: angalikuwa anazungumzia kiinitete cha wiki ya sita, angalikuwa na haki yeye. Wakati huo tundu lipo, kati ya vyumba viwili vya chini, na damu inapita. Kufungwa kwake kunahitaji vipande vitatu kutoka sehemu tofauti vikutane mahali pamoja. Visipokutana, mtoto huzaliwa na tundu, na hilo ni miongoni mwa kasoro za moyo zinazoonekana zaidi duniani.

Hapa pana wazo ambalo bila hilo kazi yetu isingekuwepo: kasoro si kitu kigeni kilichoingia mwilini, ni hatua ya kawaida ambayo haikupita. Kila moyo umewahi kuwa na tundu lile. Swali la kuuliza mbele ya moyo wenye kasoro ni umekomea wapi, na siku ya ngapi.

Aliyewawezesha watu kuliuliza swali hilo kwa mpangilio ni mwanamke ambaye chuo chake kilimkataa. Maude Abbott alisoma shahada ya kwanza McGill, mjini Montreal, akataka kuendelea na udaktari hapo hapo, akaambiwa wanawake hawapokelewi. Akaenda Chuo cha Bishop's, akahitimu mwaka 1894. Mwaka 1898 McGill walimpa kazi ambayo nadhani hakuna mwanamume aliyeigombea: kutunza makumbusho ya kitiba, yaani mamia ya viungo vya maiti kwenye chupa, vingi havina maelezo ya kueleweka. Katika chupa moja alikuta moyo wenye chumba kimoja tu cha chini, wa mtu aliyefikia utu uzima. Kwa msaada wa tabibu William Osler akatambua kuwa moyo huo ulikwisha kuelezwa mwaka 1824 na Andrew Holmes, mkuu wa kwanza wa kitivo cha tiba hapo chuoni. Kuanzia hapo hakuacha tena. Osler alimwomba aandike sura juu ya kasoro za kuzaliwa nazo katika kitabu chake kikubwa; ikatoka mwaka 1908 ikiwa na hesabu ya mioyo 412. Mwaka 1936, akikaribia miaka 70, akatoa atlasi yake ya mioyo 1,000.

Nimewahi kuishika atlasi hiyo. Ni kitabu kikubwa cha michoro na majedwali, hakisomeki kitandani. Abbott aliwagawa wagonjwa kwa rangi: wasiogeuka bluu, wanaogeuka baadaye, na wanaozaliwa bluu tayari, na huo ndio mgawanyo ambao madaktari wa watoto bado wanauanzia. Lakini kinachonishangaza ni wingi. Ukiwa na moyo mmoja ulioharibika, unaweza kusema ni bahati mbaya. Ukiwa na elfu moja umeipanga, unaona kwamba moyo hauharibiki ovyo. Kasoro ni zile zile, zinajirudia kwa makundi, na baadhi hazitengani. Chukua ile iliyopewa jina la Fallot, daktari wa Marseille aliyeieleza mwaka 1888, ingawa Steno wa Denmark alikwisha kuiona katika karne ya 17. Mtoto ana mambo manne: tundu katika ukuta wa chini, njia ya mapafu iliyobanwa, aorta iliyopanda juu ya tundu, na msuli wa kulia ulionenepa. Kwenye kiinitete ni kosa moja. Ukuta unaogawa njia ya kutokea damu umesogea mbele zaidi ya inavyotakiwa. Hayo mengine yote yanafuata kama matokeo. Huwezi kuliona hilo kwa mtoto aliyekwisha zaliwa. Unaliona ukiwa umeukodolea macho mrija ule unapojigawa.

Rivera, yule mchoraji wa Mexico, alipochora ukutani mashujaa wa elimu ya moyo katika taasisi ya taifa ya moyo mjini Mexico City, katika miaka ya 1940, Abbott ndiye mwanamke pekee aliyemweka. McGill walimpa shahada ya heshima ya udaktari mwaka 1910. Sitasema zaidi juu ya McGill.

Helen Taussig, daktari wa watoto, aliusoma ulimwengu wa Abbott akiwa na watoto walio hai mbele yake, katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Uwezo wake wa kusikia ulikuwa umepungua sana, kwa hiyo mioyo ambayo wenzake waliisikiliza yeye aliipapasa kwa viganja. Aliona jambo moja: baadhi ya watoto wa bluu walizaliwa na nafuu, kisha wakazidiwa ghafla. Walizidiwa pale ulipojifunga mshipa mdogo unaounganisha aorta na mshipa wa mapafu, ambao kila mtoto tumboni huwa nao na ambao kwa kawaida hufunga siku chache baada ya kuzaliwa. Kwa watoto hao, mabaki ya maisha ya tumboni ndiyo yaliyokuwa yakiwaweka hai. Basi, akauliza, kwa nini daktari wa upasuaji asimtengenezee mtoto mshipa kama huo?

Jibu lilitengenezwa na Vivien Thomas, kijana Mweusi aliyefunzwa useremala Nashville, ambaye akiba yake ya kwenda chuo ilipotea benki zilipoanguka. Katika maabara ya Alfred Blalock, daktari wa upasuaji, kwenye chuo cha Vanderbilt, alifanya kazi ya mtafiti huku akilipwa kama mfagizi. Walipohamia Baltimore, Thomas alijaribu upasuaji ule kwa mbwa hadi ukakubali. Mmoja, Anna, alipona na picha yake ikatundikwa ukutani. Tarehe 29 Novemba 1944 Blalock alimpasua Eileen Saxon, mtoto wa miezi 15 ambaye uzito wake haukuzidi kilo nne na ushei, na Thomas alisimama juu ya kigoda nyuma ya bega lake akimwelekeza. Mtoto alipata nafuu, ingawa alifariki miezi michache baadaye. Waliomfuata wengi walipona. Upasuaji ukaitwa kwa majina ya Blalock na Taussig; Thomas alisubiri shahada ya heshima hadi mwaka 1976. Wanafunzi wangu huisikiliza habari hii kama habari ya ubaguzi, nayo ni hiyo kweli. Mimi nawaambia watazame pia kile kilichoshonwa: nakala ya mshipa wa kiinitete, iliyotengenezwa upya kwa mkono wa fundi.

Nije sasa kwenye lawama, maana historia ya kazi yetu haiwezi kutenganishwa nayo.

Mwaka 1941 Norman Gregg, daktari wa macho mjini Sydney, alikuwa akipokea watoto wachanga wenye mtoto wa jicho, wengi kuliko ilivyo kawaida, na wengi wao mioyo yao pia ilikuwa na kasoro. Akasikia akina mama kwenye foleni wakizungumza: huyu alipata rubela akiwa mjamzito, na yule pia, na yule. Mwaka uliotangulia Australia ilikuwa imepita katika mlipuko mkubwa. Gregg alihesabu watoto 78, akauliza tarehe, na karibu wote mama zao waliugua mwanzoni mwa mimba. Kumbuka kwamba siku zile madaktari wengi waliamini kondo la nyuma huzuia kila kibaya, kwa hiyo mazungumzo ya benchi la kusubiria yalivishinda vitabu. Karibu miaka 20 baadaye ikaja dawa ya thalidomaidi, waliyopewa wajawazito kwa kichefuchefu. Waliomeza kati ya siku ya 20 na ya 36 hivi tangu mimba itungwe ndio waliozaa watoto wasio na mikono au miguu, na wengine wenye mioyo iliyokosewa. Aliyemeza baada ya hapo alisalimika. Kalenda tena.

Chanjo ya rubela ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960. Tanzania ilianza kuwapa watoto chanjo ya surua na rubela pamoja mwaka 2014, na kila nikiona mama kambeba mtoto mgongoni kwenda kuchanjwa, huwaza kwamba anailinda mioyo ya wajukuu wake. Simwambii. Ana foleni yake.

Lakini Gregg na thalidomaidi viliacha nyuma yao mazoea mabaya. Vilionyesha kwamba jambo la nje laweza kuharibu moyo, na watu wakachukua hapo kwamba kila moyo ulioharibika una jambo lake, na jambo hilo ni la mama. Nimekaa na wazazi kwenye kliniki za watoto wenye matundu kwenye moyo Dar es Salaam na Tanga, nikialikwa kueleza tu, si kutibu. Nimesikia: nilibeba ndoo. Nilipanda bodaboda. Nilimcheka mtoto wa jirani. Nililala na hasira. Karibu kila mara yanayotajwa ni ya mwezi wa tano au wa sita, tumbo lilipokwisha kuonekana, maana hapo ndipo mtu anapokumbuka kuwa alikuwa mjamzito. Mwezi wa tano ukuta umekwisha fungwa, au umekwisha kosa kufungwa, zamani. Ndoo haina kesi.

Tukirudi maabara, miaka ya 1960 hadi 1980 ndiyo ninayoipenda kuliko yote, nayo husimuliwa kwa haraka mno. Nicole Le Douarin, Mfaransa aliyewahi kuwa mwalimu wa sekondari kabla ya kuingia utafiti, aligundua mwaka 1969 kwamba seli za kware zina doa zito katikati ya kiini ambalo seli za kuku hazina. Basi ukichukua kipande cha kiinitete cha kware ukakipandikiza mahali pake kwa kuku, unaweza kuzifuata seli za mgeni popote zitakapokwenda. Alifuata zile zinazoanzia mgongoni, pembeni mwa mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo, na kuonyesha kuwa zinasafiri mbali na kugeuka vitu ambavyo hakuna aliyevidhania: mifupa ya uso, neva, rangi ya ngozi. Mwaka 1983 Margaret Kirby na wenzake huko Augusta, Georgia, waliziondoa seli hizo kwa kuku, nyuma kidogo ya masikio yatakapokuwa. Kuku wakakua na mshipa mmoja tu ukitoka moyoni. Haukugawanyika.

Mtu akisikia hilo kwa mara ya kwanza hukaa kimya. Kumbe ukuta unaogawa aorta na mshipa wa mapafu unahitaji seli zilizotembea kutoka kisogoni! Kwa kasoro fulani za watoto ndiyo ikaeleweka kwa nini mwenye mshipa usiogawanyika mara nyingi ana pia kaakaa lililopasuka, au upungufu wa kalsiamu, au tezi ya kinga iliyokosekana kifuani. Daktari aliona magonjwa manne. Kiinitete kilikuwa kimekosa eneo moja.

Na yupo María Victoria de la Cruz, mzaliwa wa Cuba aliyefanya kazi Mexico. Vitabu vyote wakati wake, na nilivyosomea mimi pia, vilisema kwamba mrija ule wa mwanzo una sehemu zote za moyo wa baadaye zimejipanga kwenye mstari, zikisubiri kuvimba tu. De la Cruz alitia alama ndogo kwenye mrija wa kuku na kusubiri alama itakapoishia. Mwaka 1977 aliripoti kwamba sehemu ya kutokea damu haimo katika mrija wa mwanzo. Inaongezwa baadaye, kutoka nje. Wachache walimsoma kwa makini, vitabu vikaendelea kuchapishwa na mchoro ule ule, na wanafunzi tukaendelea kuukariri.

Sasa jeni. Mwaka 1993 Rolf Bodmer, huko Michigan, alionyesha kwamba inzi wa matunda asiye na jeni iitwayo tinman hajengi moyo kabisa. Moyo wa inzi ni mrija tu mgongoni, hauna hata vyumba, na jeni ilipewa jina la yule mtu wa bati katika hadithi ya Oz aliyekosa moyo. Mwaka huo huo maabara za Marekani na Australia zikapata jeni ndugu yake kwa panya, inayoandikwa NKX2-5. Panya walioikosa kabisa, mwaka 1995, walijenga mrija, mrija ukapiga, lakini haukujipinda, nao wakafa tumboni. Mwaka 1998 zikaja familia za watu. Familia ambazo kizazi baada ya kizazi watu wake wana tundu kati ya vyumba vya juu na mapigo yanayochelewa hadi wengine kuhitaji kifaa cha kuupigisha moyo: ndani yao nakala moja ya NKX2-5 ilikuwa na kosa, ya pili nzima. Hilo ndilo lililotufunza juu ya kiasi. Ukikosa zote mbili, moyo unakoma siku ya kupinda. Ukiwa na moja, moyo unajengwa, unampeleka mtu hadi uzeeni pengine, ila pale penye kazi ngumu zaidi nusu ya protini haitoshi.

Mwaka mmoja kabla, 1997, jeni ya TBX5 ilipatikana kwa wagonjwa ambao Mary Holt na Samuel Oram wa London waliwaeleza mwaka 1960: tundu moyoni, na dole gumba lisilo sawa. Madaktari walijua vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja. Sasa tukajua kwamba jeni moja inafanya kazi katika chipukizi la mkono na katika moyo ndani ya wiki zile zile. Mwaka 2003 ikafuata GATA4, na ikaonekana kuwa protini za jeni hizi hushikana mkono, moja ikilegea zote zinayumba.

Mwaka 2001 ndio uliomrudisha de la Cruz. Paris, katika Taasisi ya Pasteur, Robert Kelly na Margaret Buckingham walikuwa na panya waliopandikizwa jeni inayopaka seli rangi ya bluu. Ilikuwa imetua kwa bahati karibu na jeni nyingine, Fgf10, na bluu ikatokea mahali pasipotarajiwa: nyuma ya moyo, kwenye koo, na kuingia katika njia ya kutokea damu. Seli zilikuwa zinaongezwa kutoka nje. Makundi mawili ya Marekani, moja likiwa la Kirby, yaliripoti hilo hilo kwa kuku mwaka ule ule. Miaka 24 ilikuwa imepita tangu zile alama za Mexico. Michoro ya vitabuni ikabadilishwa hatimaye. Nikiwafundisha vijana, siku hiyo naanza na 1977, nao hunung'unika kwamba hakuna jeni katika somo.

Leo, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, inafunga matundu ya watoto ambao zamani walisubiri safari ya India. Kutibu kumetangulia kujua, kama ilivyokuwa kwa Taussig. Familia nyingi bado haziwezi kuambiwa jina la jeni iliyokosea, na hata Ulaya na Marekani wengi hurudi nyumbani bila jibu hilo. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walisoma jeni za watoto 362 wenye kasoro kali, pamoja na za baba na mama zao. Karibu moja ya kumi ya kasoro kali kama hizo wakaihusisha na makosa mapya ambayo hayamo kwa baba wala kwa mama.

Hilo nililisema kwenye kikao kimoja Tanga. Alikuwepo bibi mmoja wa Muheza aliyekuja na mkwewe na mwanawe, mtoto kalala mapajani.

"Sasa mwanangu," akaniuliza, "haya ni ya kwao au ya kwetu? Maana kwetu ugonjwa huu haupo."

"Kwa huyu mjukuu wako hatujui, mama. Yaweza kuwa ya kwao, yaweza kuwa ya kwenu, na yaweza kuwa hayapo kwa yeyote. Yameanza kwake."

Alifikiri, akamtazama mkwewe, akarekebisha kanga ya mtoto. Baba wa mtoto ndiye aliyeuliza la maana: wakizaa tena? Nikamweleza kwamba kwa wazazi wengi waliopata mmoja, hatari kwa anayefuata ni kama wawili hadi watano kati ya 100, na kwamba mimba ikifika wiki ya 18 hadi ya 22 mtaalamu anaweza kuutazama moyo wa mtoto tumboni kwa kipimo cha eko, vyumba vyote vinne, ili wajue mapema pa kujifungulia. Mkwe akaandika wiki hizo nyuma ya kadi ya kliniki. Bibi akataka kujua kipimo hicho ni shilingi ngapi, nami nikamwelekeza dirishani.